Betri Tatu za Ushirika

Adu,
6 Machi 1984

Kwako mwanangu Randu,

Salamu nyingi. Sisi huku mudzini, hapa nyumbani, hatujambo, mama yako Kache hajambo, mbuzi mmoja tu ndiye anayechechemea. Hali ya moyo ni nyingine, na ndiyo iliyonishikisha kalamu badala ya kungoja uje Pasaka.

Betri ya tatu ya Landrova ya ushirika imekufa. Ya kwanza ilikufa Oktoba, ya pili baada ya Krismasi, na hii imenifia juzi njiani kutoka Marafa nikiwa na magunia kumi na mawili ya korosho. Gari lile nimeliendesha miaka kumi na mmoja na halijanilaza porini hata siku moja. Katibu wetu, Bwana Simeon Kenga, hakuuliza kitu. Ameandika tangazo kwamba dereva Kitsao Dena huuza betri mpya na kurudishia mikweche, kisha amelibandika katika vituo vyote vitano vya kupimia korosho. Jina langu lote, na la baba yangu ndani yake.

Anataka nitie sahihi barua ya kukiri kabla ya mkutano mkuu wa tarehe 31. Nikitia, nitaondoka kimya kimya. Nisipotia, atanikabidhi kwa polisi mbele ya wanachama. Nimemwambia asubiri mpaka kiama.

Wewe umekaa na mafundi huko Malindi. Niambie betri mpya inakufaje mikononi mwa mtu ambaye hajaiuza. Mimi najua kuendesha, kubadilisha tairi na kusafisha plagi. Mambo ya umeme sijui, na sioni haya kusema.

Mke wako nasikia bado anashinda gereji akichokonoa nyaya za magari ya watu. Msalimie, lakini neno langu ni lile lile: hapa kwangu hataingia mpaka aiache kazi hiyo akae kama mke wa mtu.

Ni mimi babako,
Kitsao Dena


Barani, Malindi,
9 Machi 1984

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimekasirika kuliko ya kwanza. Usitie sahihi. Hata akikuletea kiti na chai ya maziwa, usitie.

Sasa nisikilize. Dainamo ya gari haina akili. Injini ikienda mbio, nayo inazidisha umeme, na ukiiachia itatoa mpaka ijiunguze. Ndiyo maana likawekwa lile boksi dogo jeusi kwenye ukuta wa injini, linaloitwa katauti. Ndani yake mna koili tatu za waya. Moja ni mlango tu: dainamo ikiwa na nguvu kuliko betri, unafunguka umeme uende kwenye betri, injini ikizimwa, unafungwa umeme usirudi nyuma ukapotea. Ya pili inapima msukumo, yaani volti. Zikifika kumi na nne na kitu, koili inavuta kibati kidogo na kuipunguzia dainamo nguvu. Volti zikishuka, inakiachia. Inavuta na kuachia mara nyingi ndani ya sekunde moja, ukitega sikio utasikia inavuma. Ya tatu inapima wingi wa umeme, yaani ampea. Betri tupu hunywa kwa pupa, na koili hii huibana isije ikaichosha dainamo ikaungua.

Kwa hiyo betri hufa kwa njaa au hufa kwa kuvimbiwa. Tukijua imekufa kifo kipi, tutamjua aliyeiua. Niambie asubuhi stata inazunguka kwa nguvu au inanung'unika. Niambie taa zinafifia au zinawaka sana. Na jambo kubwa kuliko yote, niambie umeongeza maji kiasi gani na maji gani. Usinifiche hapo, kwa sababu maji ndiyo yatakayotuambia ukweli.

Mke wangu anakusalimu. Mikono yake haijawa safi bado.

Mwanao,
Randu


Adu,
13 Machi 1984

Mwanangu Randu,

Umeniandikia kama mwalimu wa shule na nimefurahi. Sikujua kumbe siku zote ulikuwa unasikiliza. Barua hii nimemsomea mama yako mpaka pale pa koili tatu, akasema sasa amesikia usingizi, lakini alikuwa anatabasamu.

Majibu ni haya. Stata inazunguka kwa nguvu kabisa mpaka siku ile ile betri inapokufa. Taa hazififii, zinawaka nyeupe, na zinaungua ovyo. Tangu Oktoba nimebadilisha balbu saba. Nikifungua boneti nasikia harufu kali inayochoma pua, na vibanio vya betri vinaota unga mweupe hata nikivisugua. Kuvuma kwa katauti sikusikii, lakini masikio yangu nayo si ya jana.

Maji sijaongeza hata tone. Betri ni mpya, maji ya nini?

Katibu amepita leo na pikipiki yake kuniuliza kama nimeshafikiri. Nikamwambia nafikiri kila siku, hasa juu yake.

Babako,
Kitsao Dena


Barani,
16 Machi 1984

Baba, shikamoo.

Nitasema jambo ambalo mtoto hamwambii mzazi wake, na ukitaka kunichapa utanichapa baada ya tarehe 31.

Majibu yako hayakai pamoja. Balbu saba zimeungua, betri inanuka, vibanio vinaota unga. Hiyo ni betri inayolishwa kupita kiasi mpaka inachemka. Na betri inayochemka hukausha maji yake, haina njia nyingine. Kama kweli hukuongeza hata tone, ingekufa ndani ya majuma machache, siyo miezi miwili na zaidi kila moja. Kwa hiyo ama balbu zinasema uongo, ama wewe. Balbu sizifahamu, lakini hazina sababu ya kudanganya.

Baba, kuna kitu uliongeza. Siulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa kuwa Katibu naye ataleta fundi wake siku hiyo, fundi atazifungua zile betri mbele ya watu, na yale utakayokuwa umenificha mimi ataambiwa kila mtu. Ni heri nijue mimi kwanza.

Niambie pia, mwaka jana kabla ya Oktoba, gari lilifanyiwa nini? Lolote. Hata kama ni kuoshwa.

Randu


Adu,
20 Machi 1984

Mwanangu,

Barua yako niliikunja nikaitia mfukoni siku mbili bila kujibu. Hujawahi kusema nami hivyo. Nilitaka kukuandikia maneno makali, kalamu ikakataa kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Niliongeza maji ya dafu.

Usicheke. Betri ilikuwa ikikauka kila juma, mpaka vyuma vya ndani vinaonekana. Nilimwomba Katibu maji ya betri kutoka Malindi, akasema betri mpya haihitaji maji, na kama inahitaji basi si mpya, niseme nimeipeleka wapi ile mpya. Sikuuliza tena. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hilo hata mimi nalijua. Nikafikiri, dafu halijaguswa na mkono wa mtu, ndani yake hamna udongo wala mdudu, mtoto mchanga tunampa na mgonjwa tunampa. Nikalitoboa nikachuja kwa kitambaa safi. Madafu mawili kwa juma. Mama yako sijamwambia, na wewe usimwambie.

Kuhusu gari, Septemba lilipakwa rangi. Mkuu wa Wilaya alikuwa anakuja kufungua ghala letu, na Katibu akataka gari liwe kijani kibichi lipendeze kwenye picha. Shemeji yake ndiye aliyelipaka, pale pale uwanjani kwa ghala. Alifanya kazi nzuri, sitamnyima. Alifungua kila kitu akapaka mpaka chini ya boneti, kisha akavirudisha.

Sasa nina ombi. Njoo siku ya mkutano na hiyo mita yenu ya kupimia umeme. Simama nami. Mimi nikiongea peke yangu wataona mzee anayejitetea, lakini mwanangu akisimama na chombo mkononi watanyamaza. Najiona mdogo kukuomba, na bado nakuomba.

Babako


Barani,
23 Machi 1984

Baba, shikamoo.

Randu hawezi kuja. Randu yuko kwenye malori ya Kigali tangu katikati ya Februari, aliitwa ghafla na hakupata nafasi ya kukuaga, na hatarudi kabla ya Mei. Barua zako zote nimezifungua mimi, na zote nimezijibu mimi. Naitwa Kasiva binti Musembi, mke wa mwanao, yule wa gereji.

Mwandiko haukukushtua kwa sababu tangu tuoane barua za Randu huandikwa na mimi, yeye husema nami huandika. Safari hii sikuwa na wa kusema, nikasema mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ungeona jina langu ungeitupa barua kabla ya kufika kwenye koili. Pili, kwetu Ukambani mwanamke hamkabili baba mkwe wake. Akimwona njiani hupinda, na akisema naye hutazama chini. Nimelelewa hivyo. Kumwambia mkwe wangu kwamba amedanganya nisingeweza hata kidogo kwa jina langu. Kwa jina la Randu niliweza, na nisingesema usingeniambia habari za dafu.

Sasa kazi. Dafu lina sukari na chumvi, na kweli linaua betri, lakini halikuanzisha ugonjwa. Kiu ilianza kabla ya dafu, na kiu hiyo imeletwa na rangi.

Katauti ya gari lenu haina waya wake wa kurudishia umeme kwenye mwili wa gari. Inaurudisha kwa mgongo wake, pale chuma kinapogusana na chuma. Shemeji ya Katibu aliifungua, akapaka rangi ukutani, rangi ilipokauka akaifunga juu yake. Rangi haipitishi umeme. Ile koili inayopima volti inashika kidogo tu, kwa kubahatisha kwenye nyuzi za skrubu, na inachopokea ni pungufu. Betri imeshiba, yenyewe inadhani bado ina njaa. Kwa hiyo haivuti kile kibati, na dainamo inamwaga tu, mchana kutwa, Marafa na kurudi. Betri zako hazikuibwa, baba. Zimelishwa mpaka zikafa, na aliyeagiza rangi ndiye aliyekuandika mwizi.

Nitakuja mimi na mita.

Mkaza mwanao,
Kasiva


Adu,
26 Machi 1984

Kwa mke wa mwanangu,

Nimesoma. Majuma matatu nadhani nasema na mwanangu, kumbe nasema nawe. Nimekueleza aibu ambayo hata mke wangu hajui. Nimekuomba kama mtoto anavyoomba. Umenivua nguo na mimi sikujua kama kuna mtu chumbani.

Usije. Watu wa hapa wataniambia nimeshindwa kujitetea mpaka nikaletewa mwanamke anitetee, tena mwanamke niliyemkataza mlango. Habari ya rangi nimeielewa na nashukuru. Nitaikwaruza mwenyewe kabla ya mkutano na jambo litakwisha.

Nieleze tu kama nitumie kisu au msasa.

Kitsao Dena


Barani,
27 Machi 1984

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeipa basi la leo leo ili ikuwahi, na nimemwambia kondakta akupe mkononi hata kama umelala.

Usiguse kitu. Ukiikwaruza kabla ya mkutano, gari litapona na wewe utabaki mwizi. Watasema uliacha kuiba ulipoogopa. Ile rangi ndiyo shahidi wako, na wewe unataka kumuua kwa kisu chako mwenyewe.

Nakuja. Umekasirika, una haki, nami sitaomba radhi mpaka baada ya mkutano kwa sababu sasa hivi sina nafasi. Hukunialika kwako, kwa hiyo sitaingia kwako. Nitashuka kwenye basi nisimame uwanjani kwa ghala. Gari ni la ushirika na uwanja ni wa ushirika. Mtu akiniuliza nimeletwa na nani, nitasema nimeletwa na hitilafu, kama ninavyoitwa na magari mengine yote.

Kuhusu kukutazama, usijali. Boneti ikifunguliwa, wewe simama upande wa usukani na mimi upande wa pili.

Lete madafu yako na kitambaa chako cha kuchujia na useme mwenyewe mbele ya watu uliyoyafanya, kabla fundi wao hajasema. Nusu ya ukweli haitatusaidia.

Kasiva


Ofisi ya Katibu,
Ushirika wa Korosho wa Tuinuane, Adu,
2 Aprili 1984

Kwa Bwana Kitsao Dena, Dereva.

KUH: KURUDI KAZINI

Kufuatia mkutano mkuu wa tarehe 31 Machi, Kamati imeridhika kwamba upungufu uliotokea kwenye betri ulitokana na sababu za kiufundi. Unaombwa kuripoti kazini Jumatano tarehe 4 Aprili saa mbili asubuhi.

Utatia sahihi onyo lililoambatishwa kuhusu matumizi ya maji ya dafu. Kuanzia sasa gari litahudumiwa na fundi atakayechaguliwa na ofisi hii pekee. Kuhusu tangazo la awali, ofisi haioni haja ya kulishughulikia, kwa kuwa karatasi zenyewe zitachanika na mvua za masika.

Tusahau yaliyopita, tujenge ushirika.

S. Kenga,
Katibu


Adu,
3 Aprili 1984

Kwa Katibu,
nakala kwa Fundi Kasiva Musembi, Barani.

Bwana Simeon,

Barua yako nimeipokea. Onyo la dafu nimelitia sahihi, hili hapa ndani, kwa sababu dafu nilitia kweli na nilisema mwenyewe mbele ya watu mia na ishirini kabla ya kuulizwa. Walinicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Lakini sirudi kazini kesho. Ufunguo wa gari uko mezani kwa Mwenyekiti.

Unaandika "sababu za kiufundi". Hiyo sababu ina rangi, Bwana Simeon, ni ya kijani. Wanachama waliuona mshale wa mita ukifika volti kumi na saba, na injini haijaenda mbio. Wakamwona fundi akifungua skrubu mbili, akakwaruza rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena. Injini ikawashwa, mshale ukapanda ukasimama kumi na nne na nusu, na ile katauti ikavuma, hata mimi mwenye masikio haya niliisikia. Fundi wako mwenyewe uliyemleta alisema hana la kuongeza. Wewe ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka hapo.

Unasema mvua itachana karatasi. Tangazo lile halikukaa kwenye karatasi tu. Wengi wa wakulima wetu hawasomi, mke wangu mmoja wao. Ulipolibandika uliwaagiza wapimaji walisome kwa sauti kila asubuhi juma zima, na ndivyo Kache alivyosikia kwamba mumewe ni mwizi, akiwa kwenye foleni na gunia lake. Lililosomwa kwa sauti halichanwi na mvua. Nataka uandike jingine lenye jina langu lote, na ulisome wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, katika vituo vyote vitano.

La mwisho, gari hilo atalihudumia Kasiva Musembi. Ukimleta mtu mwingine kuligusa, tafuta na mtu mwingine wa kuliendesha.

Kitsao Dena


Adu,
13 Aprili 1984

Kasiva mwanangu,

Salamu nyingi. Siku ya mkutano ulirudi na basi la jioni bila kunywa hata maji kwangu, na kosa hilo ni langu peke yangu. Kache amesema nisipoliandika hili mwanzo wa barua, barua isitoke. Njoo Pasaka. Njoo na nguo zozote utakazokuwa nazo, hata za kazi, tena za kazi ni bora kwa sababu trekta la mwalimu mkuu haliwaki na nimeshawaambia watu kwamba kwetu tuna fundi.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Katibu alidhani atanizunguka. Aliazima dereva kutoka Gongoni, na dereva huyo akafika ghalani akakuta wapakiaji wamekaa juu ya magunia. Wakamwambia hawana ugomvi naye ila hawapakii. Siku ya pili ikawa vile vile, na mvua imeanza kunukia, na korosho zikilowa zimekwisha. Siku ya tatu Mwenyekiti akaja kwangu akasema, Kitsao, vituo vitano ni vingi, tufanye kimoja. Nikamwambia niliitwa mwizi katika vitano.

Jana Katibu amezunguka na pikipiki yake, nami nyuma yake kwa baiskeli. Kila kituo alinisubiri mpaka nifike, maana nilikataa aanze bila mimi. Vituo vinne alisoma haraka, macho chini, watu wakasikia hivyo hivyo. Cha tano ni hiki chetu. Kache alikuwa amesimama mbele kabisa, amevaa kanga mpya, mikono kifuani. Katibu akakunjua karatasi, akasoma kwamba ushirika ulimsingizia dereva wake, kwamba betri hazikuibwa, kwamba hitilafu ilitokana na rangi iliyoagizwa na ofisi. Alipofika kwenye jina akasoma "dereva huyo" akataka kupita.

Nikamwambia jina limeandikwa, alisome. Akasema wote wanajua ni nani. Kache akamwambia yeye hajui, hajasoma, anataka kusikia.

Akasoma Kitsao Dena. Nikamwambia arudie, huko nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti.

Baba yako,
Kitsao Dena